Niliyoulizwa Ujerumani, na wao waulizwe huku

Ndugu Mhariri,

Wiki mbili zilizopita mlichapisha barua ya mzazi mmoja wa Iringa. Binti yake wa miaka 20 amepata nafasi ya kwenda Ujerumani kujitolea mwaka mzima kulea watoto, na mzee anauliza kama huo si mtego wa kwenda kugeuzwa hausigeli. Nilingoja nikidhani atajibiwa na mtu aliyenizidi elimu. Aliyejibu alisema tu kwamba bahati haiji mara mbili, binti apande ndege. Basi naomba na mimi kipande cha ukurasa, maana nilikwenda, nikarudi, na kazi hiyo hiyo ya kushinda na watoto wa watu ndiyo inayonilisha hadi leo hapa Uyole, Mbeya. Na nina langu la kusema juu ya vijana wa kigeni wanaokuja huku kujitolea kwenye makao ya watoto wetu.

Mzee wangu, shikamoo. Mruhusu. Ila muulize kwanza anaingilia mlango gani, kwa kuwa iko miwili na watu huichanganya. Kuna ule wa kukaa ndani ya familia ya Kijerumani na kuwatunzia watoto wao, ambao wenyewe wanauita au pair. Huo ni wa vijana wa miaka 18 hadi 26. Anatakiwa ajue Kijerumani cha ngazi ya kwanza, A1. Kazi isizidi saa 30 kwa wiki. Anapewa chumba, chakula, yuro 280 za mfukoni kwa mwezi na yuro 70 za kuchangia kozi ya lugha. Kwenye karatasi ni mzuri. Lakini hizo saa 30 nani atazihesabu, wakati unalala nyumba moja na mwenye watoto? Ukiangukia kwa watu wema umepona. Mlango wa pili ni wa kujitolea kwenye taasisi, iwe shule, hospitali au chekechea. Huko kuna mkataba, kuna bima, kuna siku 25 za semina ndani ya mwaka, na kuna mtu wa kumpelekea malalamiko ambaye si yule unayemlalamikia. Serikali yao ina mpango unaoitwa weltwärts, ulioanza mwaka 2008 kwa kuwatuma vijana wao huku kwetu. Tangu 2013 unapokea na vijana wa kutoka huku kwenda kwao. Binti akikuambia ni huo mlango wa pili, mnunulie sanduku.

Mimi niliondoka Septemba 2015, kupitia kanisa. Kwetu Rungwe Umoravian umekuwepo tangu wamisionari wa Herrnhut, mji wa Ujerumani uliko chimbuko la kanisa hilo, walipofika mwaka 1891, kwa hiyo iliposikika kwamba napelekwa mji mdogo wa jimbo la Saksonia, mwendo wa basi tu kutoka Herrnhut yenyewe, bibi yangu alifurahi kama vile nakwenda Yerusalemu. Mama hakufurahi. Aliutua mkungu wa ndizi aliokuwa anaupeleka barabarani, akaniuliza: "Kwa hiyo nimeuza ndizi miaka yote hii mpaka ukamaliza kidato cha sita, ili ukawatawaze watoto wa Wazungu? Wa kwetu hawanyi?" Sikuwa na jibu. Baba mdogo yeye aliagiza gari. Niseme mapema kwamba posho niliyopewa ilitosha nauli, sabuni na kupiga simu nyumbani, na nilirudi na sanduku lile lile, na ndani yake vibao viwili vya kuchezea watoto. Baba mdogo hajanisamehe.

Habari za ngozi yangu na nywele zangu siziandiki, kila aliyekwenda anazo za kwake. Baridi pia naipita. Mvua haikunitisha, mimi ni mtu wa Tukuyu. Ila sikuwahi kuona watu wazima wakiwavalisha watoto suruali za mpira na kuwatoa nje makusudi wakachezee matope.

Ninachotaka kusimulia ni hiki. Kabla sijagusa mtoto yeyote kule, nilichunguzwa kama mtu anayeomba kazi ya kuhesabu fedha benki. Nilianza huku huku: hati ya tabia njema ya polisi, vidole vyote kumi vikapakwa wino, cheti cha daktari, mtihani wa Kijerumani Dar es Salaam, basi la saa kumi na mbili asubuhi kutoka Mbeya, na tunaingia mjini giza limeshatanda. Nilipofika kule nikadhani yamekwisha. Wiki ya tatu mkuu wa chekechea nilikopangiwa ananiambia twende ofisi ya mji tukaombe hati nyingine ya polisi, ya Kijerumani sasa, ile pana wanayomdai kila anayefanya kazi na watoto. Nikamwambia, kwa Kijerumani changu cha kuokoteza: mama, nina wiki tatu tu nchini kwenu, nimeshaiba saa ngapi? Akacheka. Akafungua kabati, akatoa faili: ya kwake imo, ya mpishi imo, ya mzee mstaafu anayekuja kila Alhamisi kuwasomea watoto hadithi imo. Siku hizi, tangu Machi 2020, wameongeza na ushahidi wa chanjo ya surua.

Kisha nikapewa masharti. Simu inabaki kwenye kabati la wafanyakazi. Picha ya mtoto haipigwi mpaka mzazi awe ametia saini. Nisibaki peke yangu na kundi. Na nisimbadilishe mtoto yeyote nepi mpaka mtoto mwenyewe awe amenizoea. Hilo la mwisho liliniuma. Nilikuwa na miaka tisa nilipoanza kumbeba mgongoni mtoto wa dada yangu, nampandisha kilima cha kisimani na ndoo iko kichwani. Leo nina miaka 21 naambiwa sijafikia kumfuta mtoto! Nikajua ni ubaguzi. Nililia chooni, na usiku nikampigia rafiki yangu wa Tukuyu nikamweleza hivyo hivyo, ubaguzi. Kumbe kijana wa Kijerumani aliyeanza wiki moja na mimi, mzaliwa wa mji ule ule, alisomewa karatasi ile ile, na naye nepi hakuzigusa.

Wana utaratibu unaoitwa Eingewöhnung, yaani kumzoesha mtoto. Mtoto mgeni hashushwi mlangoni akaachwa analia, huku tukisema "atanyamaza tu". Utaratibu walioufuata pale ulitengenezwa Berlin miaka ya 1980. Siku tatu za mwanzo mama au baba anakuja naye, wanakaa kama saa moja, wanaondoka wote. Hakuna kuachana kabisa. Siku ya nne mzazi anatoka chumbani kwa muda mfupi, usiozidi nusu saa, na watu wanatazama: mtoto akilia, mlezi akimbembeleza, ananyamaza? Akinyamaza wanaongeza muda kidogo kidogo. Asiponyamaza mzazi anarudi, na zoezi linaweza kula wiki mbili au tatu. Na mlezi wake ni mmoja, yule yule kila siku. Si yeyote aliye karibu.

Septemba ile aliingia mtoto wa kiume wa miaka miwili. Mlezi wake alikuwa dada mmoja mnene mwenye sauti ya kondakta wa daladala, na kwa siku tisa mtoto alikuwa amemzoea. Mimi alinikataa. Nikiingia chumbani anajificha nyuma ya goti la yule dada. Nikimwekea kikombe anakisukuma. Nilikwenda kwa mkuu nikamwambia mtoto huyu ananiogopa, nihamishie chumba kingine. Akanijibu maneno ambayo niliyaandika kwenye daftari na daftari ninalo: mtoto anayekukataa ana mtu wake, na hilo ni jema, kaa sakafuni, usimwite, cheza na vyako.

Nikakaa sakafuni. Oktoba nzima napanga vitofali vya mbao peke yangu kama mwendawazimu. Mwaka ule watu wa Syria waliingia Ujerumani kwa wingi, na tulikuwa na msichana wa kwao wa miaka minne ambaye Kijerumani chake na changu vilikuwa vinakimbizana. Huyo ndiye alikuwa mwenzangu, tunafundishana majina ya mboga. Mwanzoni mwa Novemba, tunatengeneza taa za karatasi za sikukuu ya Mtakatifu Martin, yule wa kiume akaja na kiatu chake mkononi. Akanipa. Akageuka, akakaa, akaninyooshea mguu. Hakusema neno. Nilimvalisha kile kiatu mikono inatetemeka. Tangu siku hiyo nepi zake zikawa zangu, na nilipomsimulia mama kwenye simu alisema, "Ndaga fijo," yaani asante sana kwa Kinyakyusa, "mwanangu, Mungu amekusikia, amekupa kinyesi."

Nilirudi Septemba 2016, nikasomea ualimu wa awali, na kabla ya kuja hapa nilifanya kazi miaka miwili kwenye makao ya watoto katika mikoa hii yetu. Siyataji jina. Watoto wale wameshatajwa na kupigwa picha vya kutosha.

Mhariri, nieleze kilichokuwa kinatokea. Kila baada ya wiki mbili tatu, zaidi Juni mpaka Agosti, Noah inaingia getini. Wanashuka vijana sita, saba, wa miaka 18, 19, kutoka Ulaya na Marekani. Hawajanawa mikono, tayari kila mmoja ana mtoto kiunoni. Muda si muda simu ziko juu. Na watoto wetu wanakimbia kuwalaki, wamenyoosha mikono, beba, beba! Wageni machozi yanawalenga. Wanaambiana jinsi watoto wa Afrika walivyojaa upendo. Zamani na mimi ningeamini. Lakini mimi nilikuwa nimekaa Oktoba nzima sakafuni nikikataliwa, na nilikuwa nimeambiwa kwa nini. Mtoto wa miaka miwili anayemrukia mtu ambaye hajui hata jina lake hana mtu wake. Kila nilipoiona ile mikono nilimkumbuka yule wa nyuma ya goti.

Chuoni nilikuja kusoma kwamba jambo hili lilishapimwa. Bucharest, Romania, kuanzia mwaka 2000, watafiti kutoka Marekani waliwafuatilia watoto 136 waliokuwa wakilelewa kwenye makao. Nusu yao wakapelekwa kwa familia za malezi ya kambo. Waliopata familia walipata nafuu ya akili na ya moyo, hasa waliotolewa kabla ya kutimiza miaka miwili. Na ile tabia ya kumfuata mgeni yeyote ni moja ya alama zilizoandikwa kwa watoto wa makao. Sisi tulikuwa tunaiona getini, tukiita ukarimu.

Tulikuwa na mtoto wa kike wa miaka minne aliyejua mtu anaondoka kabla hajaambiwa. Sanduku la magurudumu likikwaruza sakafu ya korido, anaingia uvunguni mwa kitanda na haji kula. Nilihesabu: katika miezi kumi na moja alilazwa usingizi kwa zamu na "anti" kumi na tisa. Mmoja wao alimfundisha wimbo wa kilugha cha kwao. Alikuwa akiuimba peke yake jioni, na hakuna kati yetu aliyeweza kuuitikia.

Nilimuuliza kiongozi wetu kama vijana hawa wana hati za polisi za kwao. Akanishangaa. "Mgeni hakaguliwi, dada. Hawa ndio wanatuletea unga." Na hapo ndipo ugumu ulipo, kwa sababu unga ulikuwa wa kweli, nami niliula. Lakini mmoja wa vijana wale aliniambia alichomlipa wakala wa kwao ili aje wiki tatu, na nilipopiga hesabu kilizidi mshahara wa mwaka mzima wa mlezi wetu wa usiku. Mlezi wa usiku alikuwa mmoja, watoto kumi na wanane. Na kati ya hao kumi na wanane wasiopungua kumi walikuwa na bibi, shangazi au baba aliye hai, wengine mwendo wa bodaboda tu kutoka pale. Kilichowaleta ni njaa na sare za shule. Bibi mmoja alikuwa akija kila mwisho wa mwezi na parachichi kwenye kapu, anakaa kwenye benchi la wageni, mjukuu wake amebebwa na mtu mwingine.

Sitaki nieleweke kuwa nawatukana vijana wale. Walikuwa na umri niliokuwa nao mimi, na nia niliyokuwa nayo. Alikuwepo msichana mmoja aliyekaa karibu mwaka, akajifunza Kiswahili mpaka matusi, akafua nepi na kina mama, akawa na watoto wake watatu tu aliowashika kila siku, na picha hakupiga hata moja. Hadi leo wanazungumza naye kwa simu Jumapili. Huyo alikuwa ameulizwa kila kitu, hati, semina, chanjo. Ila aliulizwa na waliomtuma. Sisi tuliompokea hatukumuuliza chochote zaidi ya kama anakula ugali.

Sheria tunayo, ya Mtoto ya mwaka 2009. Makao hayaendeshwi bila leseni, na Ustawi wa Jamii wana mamlaka ya kuingia kukagua. Uhamiaji nao wana kibali cha ukaazi daraja C kwa wanaokuja kujitolea. Lakini kibali kile kinasema mtu huyu anaruhusiwa kuishi Tanzania. Hakisemi anaruhusiwa kumwogesha mtoto. Wanaotuma wameshaanza kujiuliza: Australia ilipotunga sheria yake ya utumwa wa kisasa mwaka 2018 ilihesabu humo na biashara ya kuwajaza watoto kwenye vituo vya yatima ili kuvuta wafadhili, na Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likazitaka nchi zizuie madhara ya programu za kujitolea kwenye vituo hivyo. Nasi hapa nyumbani tulizindua Desemba 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ambayo ndani yake kuna maneno mazuri sana, "malezi yenye mwitikio". Mwitikio wa nani, ikiwa anayeitwa ameshapanda ndege?

Kwa hiyo naomba jambo dogo kwa maofisa ustawi wa jamii wa halmashauri zetu, kuanzia hizi za Nyanda za Juu. Mgeni anayetaka kushika watoto alete hati ya polisi ya kwao, kama mimi nilivyopeleka ya kwetu. Asiyekaa miezi sita asiingie chumba cha wadogo. Kazi nyingine zipo, mapaa yanavuja, bustani zina magugu, wakubwa wanataka mtu wa kuwafundisha hesabu na Kiingereza. Simu kabatini. Sioni hapo kinachohitaji bajeti. Watasema wafadhili watakimbia. Mimi nilipewa masharti hayo hayo na sikukimbia. Nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi kazini.

Na tusiwadai wageni tu. Hapa Uyole tulijaribu kumzoesha mtoto kama kule, mzazi akae naye asubuhi tatu. Wa kwanza kugoma walikuwa kina mama wa sokoni: "Mwalimu, nikikaa hapa nyanya zangu ataniuzia nani?" Wana haki. Tukakubaliana asubuhi mbili, na anayekaa anaweza kuwa bibi, dada, hata babu. Babu mmoja wa Igawilo alikuja siku mbili zake, akapenda, akaendelea kuja wiki nzima, mpaka tukamuomba kwa heshima apumzike nyumbani.

Mzee wa Iringa, narudi kwako. Binti aanze hati ya polisi mapema, asingoje mwezi wa safari. Soksi nzito anunue za mtumba, mimi zangu zilitoka Mwanjelwa na zilimaliza msimu wote wa baridi. Mkataba ausome wote, na ahakikishe umeandikwa jina la mtu wa kumlalamikia. Na akikupigia simu wiki ya pili analia kwamba watoto wamemkataa, usimwambie arudi. Muulize kama amekaa sakafuni.

Mlezi wa watoto,
Uyole, Mbeya
(Jina langu mnalo hapo ofisini, naomba lisichapishwe, kwa ajili ya watoto wa yale makao.)